Saadani: kwa nini bahari ya hifadhi ina rangi ya udongo, na je, inafaa kupeleka familia?

#1 Msafiri wa Mabibo

Wakuu, salaam. Ninakusudia kuipeleka familia Hifadhi ya Taifa ya Saadani mwishoni mwa Januari, tukiwa na watoto wawili ambao mdogo wao ana miaka sita. Karibu kila tangazo nililoliona lina picha ileile: tembo amesimama mchangani na nyuma yake kuna bahari ya buluu. Jirani yangu aliyewahi kufika huko anasema alichokikuta yeye ni maji ya rangi ya chai ya maziwa na tope laini chini ya nyayo, na kuhusu tembo, hakuona hata kinyesi chake. Ameshikilia kwamba bahari ile imechafuka.

Naomba anayejua anieleze kwa nini bahari ya Saadani iwe ya udongo ilhali Unguja, iliyo ng'ambo tu, ina maji maangavu. Je, hali hiyo ni ya mwaka mzima? Na je, ufukwe usio na hoteli zilizopangana, mwavuli wala muuza madafu unastahili gharama za safari?

#2 Mtoro wa Mjini

Mkuu, swali la mwisho umekwisha kulijibu mwenyewe. Ufukwe usio na muuza madafu ni adhabu. Vuka kivuko uende Kigamboni, urudi nyumbani jioni.

#3 Mlinda Bonde

Jirani yako macho yake ni mazima, ila hukumu yake ndiyo yenye kasoro. Mto Wami unaingia baharini upande wa kusini wa hifadhi, na kabla ya kufika hapo unakuwa umepokea maji ya milima ya Kaguru na Nguru, maji ya Mkondoa unaopita Kilosa, na hata ya Kinyasungwe, ule mto wa msimu unaotoka upande wa Dodoma. Udongo wote unaokombwa na mvua katika mashamba ya huko juu hauna pengine pa kwenda ila pwani ya Saadani. Ukisimama mdomoni mwa mto baada ya mvua kubwa, utauona waziwazi mstari unaotenga maji ya mto na maji ya bahari, nao husogea mbele na nyuma kwa kufuata kupwa na kujaa.

Unguja haina mto wa namna hiyo, na mchanga wake wa mashariki umetokana na matumbawe yaliyosagika. Kwa hiyo unalinganisha fukwe mbili zilizotengenezwa kwa vitu viwili tofauti. Kinachoonekana Saadani ni udongo, si uchafu, na wavuvi wa kamba wanajua kuwa kamba hawapendi maji maangavu. Pwani ya Bagamoyo na Saadani ni miongoni mwa sehemu mashuhuri za kamba nchini kwa sababu hiyohiyo inayomchukiza jirani yako.

#4 Nahodha wa Kipumbwi

Mlinda Bonde amesema vizuri, lakini hoja yake haitoshi. Mkondo mkubwa wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo kama Wami peke yake ungekuwa ndio chanzo, tungetarajia udongo uelekee upande mmoja tu wa mdomo wa mto, na tungetarajia maji yaangae katika miezi ya ukame mto unapopungua. Hayo sivyo tunavyoyaona sisi tunaopita hapo kwa mashua. Nimeyaona maji ya udongo mwezi Agosti, wakati Wami umelala, na nimeyaona yameangaa muda si mrefu baada ya mvua za vuli.

Mimi nasema ni kina na upepo. Bahari iliyopo kati ya Saadani na Unguja ni ya kina kidogo, sehemu kubwa ikiwa ya mita 30 hadi 40 tu, na karibu na ufukwe sakafu yake huteremka polepole kiasi kwamba mtu anatembea mwendo mrefu kabla maji hayajamfika kiunoni. Kusi likianza kuvuma, kuanzia Aprili au Mei hadi karibu Oktoba, mawimbi hukoroga tope lililokwisha kutua, na kaskazi hufanya vivyo hivyo kuanzia Desemba hadi Machi. Maji hutulia wakati wa maleleji, katikati ya pepo hizo mbili. Ndugu Msafiri, anayetaka maji maangavu huangalia upepo kwanza, kalenda baadaye.

#5 Kasa Mkongwe

Salaam kwenu. Naona mnaijadili Saadani kama kwamba ina ufukwe mmoja. Kilichozoeleka na wageni ni kipande kilicho karibu na kijiji cha Saadani na mdomo wa Wami, na hicho ndicho chenye udongo mwingi. Upande wa kaskazini kuna ufukwe wa Madete, wenye mchanga mwangavu, ambako kasa wa kijani hupanda kutaga. Hapo ndipo moyo wa hifadhi hii, ambayo ndiyo hifadhi pekee ya taifa katika Afrika Mashariki yote inayokutana na bahari.

Ukienda Madete, tafadhali uende na askari wa uhifadhi, usiwashe tochi usiku kuelekea majini, na usimulike kasa anayepanda, kwa maana akishtuka hurejea baharini bila kutaga. Jike moja hufukia mayai yapatayo mia moja au zaidi katika shimo moja, na baada ya takriban miezi miwili vifaranga hutoka usiku, wakielekea kwenye mwanga hafifu wa upeo wa bahari. Taa moja ya umeme iliyowashwa nyuma ya ufukwe inatosha kuwageuza waelekee porini, ambako kenge na kaa wanawangoja. Hiyo ndiyo sababu mimi ninafurahi kwamba hakuna hoteli zilizopangana.

#6 Mwana Unguja

Nina masahihisho mawili kwa heshima zote. Kwanza, si kweli kwamba Saadani ndiyo hifadhi pekee ya taifa katika Afrika Mashariki inayokutana na bahari. Hapa kwetu Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, inafika hadi kwenye mikoko ya ghuba, na Kenya wana hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu tangu mwaka 1968. Mngesema ni hifadhi pekee ya taifa Tanzania Bara ambamo wanyama wakubwa wa nyikani hufika hadi kwenye ufukwe wa bahari, nisingekuwa na neno.

Pili, mwenye uzi asidhani kwamba Unguja yote ni maji maangavu. Aende Chwaka wakati wa kupwa, atakuta tope la kumfika mguuni, na hakuna mtu anayesema kwamba Chwaka imechafuka. Palipo na mikoko pana tope.

#7 Gurudumu la Nne

Wakati mabingwa wanabishana juu ya rangi, acheni nimsaidie mwenye uzi asikwame. Kutoka Dar es Salaam kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza hupitia Chalinze na barabara ya Segera hadi Mandera, kisha unaingia kulia kupitia Miono, kipande cha takriban kilometa 60 hadi hifadhini. Ya pili hupitia Bagamoyo na Makurunge na kuvuka Wami. Kwa jumla, njia ya Chalinze ni kama kilometa 200. Januari kwa kawaida panapitika, lakini udongo wa huko ni ule mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hushika magurudumu hadi gari linakaa kwa tumbo, na hapo hata gari la magurudumu manne yanayovuta huwa pambo. Wakati wa masika usijaribu kabla hujapiga simu langoni kuuliza hali ya njia.

Malipo ya kuingia hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo pata namba ya malipo mapema mahali penye mtandao wa simu. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Chukua mafuta ya kutosha na maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani.

#8 Jiwe la Chumvi

Nimesoma kuhusu mto na nimesoma kuhusu upepo, na nashangaa kwamba hakuna aliyeutaja mkono wa binadamu. Karibu na kijiji cha Saadani kuna mashamba ya chumvi, na katika pwani yetu yote, kuanzia Tanga hadi Mtwara, chumvi imekula mikoko kwa njia mbili: mabwawa ya kukaushia hujengwa nyuma ya mikoko au mahali pake, na wanaochemsha chumvi huhitaji kuni. Kazi ya mizizi ya mikoko ni kushika udongo. Ukiipunguza, udongo uliokuwa umekaa kwa vizazi huachiliwa, na kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huubeba kiasi. Kwa hiyo mimi namuunga mkono jirani kwa nusu: bahari haijachafuka, lakini haikuwa hivi zamani.

#9 Mlinda Bonde

Ndugu Jiwe la Chumvi, kusema "haikuwa hivi zamani" kunahitaji shahidi. Mikoko ya mdomo wa Wami bado ni msitu mnene. Ukipanda boti kuupandisha mto utaona kuta za mikoko pande zote mbili kabla ya kufika kwa viboko. Heroe nao hupenda mabwawa hayohayo ya chumvi unayoyalaumu.

Ndugu Nahodha nimemwelewa, ila namrudishia swali: tope ambalo kusi na kaskazi hulikoroga lilitoka wapi, kama si kwa Wami? Upepo unakoroga, hauumbi.

#10 Nahodha wa Kipumbwi

Lilitoka kwa Wami labda kabla babu yangu hajazaliwa. Mwenye uzi anauliza kwa nini maji ni ya udongo siku atakayofika yeye.

#11 Mzaliwa wa Saadani

Nimeusoma uzi huu kwa subira. Naomba niseme kwamba pwani hii mnayoiita tupu ilikuwa mji. Saadani ilishindana na Bagamoyo kwa biashara ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa vilishukia hapa kuelekea Unguja, na wageni walioelekea bara walianzia hapa. Bwana Heri bin Juma aliitawala Saadani na akawapiga Wajerumani katika vita vya pwani vilivyoanza mwaka 1888, mji ukapigwa mizinga na manowari mwaka 1889, na yeye hakuweka silaha chini hadi mwaka 1890. Boma la Wajerumani na makaburi ya zamani bado vipo kijijini. Mgeni anayekuja kutazama tembo tu huvipita vitu hivi bila kuvijua, na waongozaji wengi hawasimami.

Kijiji kipo hadi leo, tunavua na tunaoana, na mpaka kati ya hifadhi na kitongoji cha Uvinje umekuwa jambo la mabishano kwa miaka mingi. Ufukwe haukubaki bila majengo kwa sababu hakuna aliyeutaka. Ulibaki hivyo kwanza kwa sababu biashara ilihamia kwingine, kisha kwa sababu palifanywa pori la akiba katika miaka ya 1960, kisha hifadhi ya taifa mwaka 2005. Atakayekuja anunue samaki kijijini na atafute mzee amtembeze bomani.

Kuhusu rangi: wazee wetu wanasema maji yalikuwa hivyo tangu zamani. Huyo ndiye shahidi wa Mlinda Bonde, kama atampokea.

#12 Jiwe la Chumvi

Shahidi huyo simkatai, mzee wangu, ila wazee wa kila pwani husema mambo yalikuwa hivyo tangu zamani, isipokuwa bei ya samaki.

#13 Mtoro wa Mjini

Naona mto, upepo, chumvi na Wajerumani, wote wamekwisha kushtakiwa. Sasa nani atamshtaki tembo? Yule wa kwenye picha yupo au ni kazi ya kompyuta?

#14 Darubini

Tembo yupo, lakini si mfanyakazi wa kampuni ya utalii. Hifadhi ina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 1,100, na tembo wake ni wachache na waoga ukiwalinganisha na wa Tarangire. Huhama baina ya msitu wa Zaraninge, bonde la Wami na mapori ya Wami Mbiki huko magharibi, na katika ukame huvutwa na maji ya mto zaidi ya kitu kingine. Mgeni wa siku moja atawaona twiga, kuro, tohe, ngiri, nyani na ndege wengi, na akibahatika ataona nyati au palahala. Simba wapo, mara nyingi utakachokutana nacho asubuhi ni nyayo zao kwenye mchanga mkavu, juu ya mstari wa maji.

Kuhusu kushuka ufukweni, nimeiona alama ya mguu wa tembo mchangani, pana kuliko sinia, imejaa maji yaliyoachwa na kupwa, na ndani yake vikaa vidogo vinazunguka. Huyo alipita, kama aliingia majini sijui, kwa sababu bahari ilikwisha kuifuta njia yake ya chini. Wanaosema kwamba tembo wa Saadani wanaoga baharini kila siku wanauza vitanda.

#15 Nahodha wa Kipumbwi

Mimi nimewaona kutoka mashuani, alfajiri kabla jua halijatoka, wakitembea kandokando ya maji. Baadhi yao walikuwa wameingiza miguu ya mbele. Baharia mwenzangu alisema wanafuata chumvi. Sikukubali, kwa sababu chumvi ipo hata nchi kavu hapo.

#16 Binti Mkwaja

Shikamooni wakubwa. Kwetu Mkwaja maelezo ni mengine kabisa: wanyama wanakimbia mbung'o. Mbung'o hawapendi mahali peupe penye upepo, nao ufukwe wa bahari una vyote viwili. Eneo la kaskazini la hifadhi lilikuwa ranchi ya ng'ombe iliyoanzishwa miaka ya 1950 na wenye mashamba ya mkonge, nayo ilifungwa mwaka 2000 baada ya kupambana na mbung'o miaka yote ile, pamoja na mgunga uliovamia malisho. Kama mbung'o walimshinda mwenye ng'ombe aliyekuwa na dawa na majosho, kwa nini tembo asijiondokee?

Ndugu Msafiri, usivae nguo za buluu iliyokolea wala nyeusi, kwa sababu ndizo zinazowavuta. Hata mitego yao hutengenezwa kwa kitambaa cha rangi hizo. Wanauma kupitia soksi, hasa pale kwenye mshono wa kiatu. Mafuta ya kufukuzia mbu hayawatishi sana. Vaa rangi ya kaki, funga vioo vya gari unapopita kwenye mgunga, na uvifungue ukifika baharini.

Tena, Madete si maangavu siku zote kama alivyosema Kasa Mkongwe. Februari moja, kaskazi ikivuma kwa nguvu, maji yalikuwa ya udongo hadi kwetu, na mwani ukajaa mchangani.

#17 Darubini

Hoja ya mbung'o ni nzuri, dada, lakini ingekuwa hivyo tungewaona ufukweni mchana, wakati mbung'o wanapouma. Nahodha amewaona alfajiri. Mimi nafikiri ni njia tu. Mchanga mgumu ulioachwa na maji unatembeleka kuliko kichaka cha mgunga chenye miiba, na mnyama mwenye akili huchagua barabara.

#18 Binti Mkwaja

Wanaondoka porini kabla hawajaanza kuumwa. Ndiyo akili yenyewe.

#19 Msafiri wa Mabibo

Nawashukuru wote. Nimeelewa kuhusu njia, nguo na boma. Swali langu kwa sasa ni la mzazi: je, mtoto wa miaka sita anaweza kuogelea hapo salama?

#20 Mlinda Bonde

Mdomoni mwa Wami na karibu yake, hapana, kabisa. Wami una mamba na viboko, na mamba hazuiwi na mstari unaotenga maji ya mto na ya bahari. Mbali na mto, mahali ambapo wenyeji na wahudumu wa hifadhi wanaogelea, sawa, lakini umshike mkono.

#21 Nahodha wa Kipumbwi

Naongeza mawili. Katika maji ya udongo humwoni samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, aliyejilaza mchangani. Usinyanyue miguu unapoingia. Iburute polepole ili akusikie na aondoke, kwa maana huchoma anapokanyagwa tu. Kuna siku pia ambazo kaskazi huleta yavuyavu, na mtoto akiguswa atalia hadi Mabibo.

La pili ni saa. Kwenye bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita nne, na kwa kuwa ufukwe ni wa mteremko mdogo, maji yakipwa huenda mbali sana na kuacha tope wazi. Mtu anayefika saa nne au saa tano asubuhi wakati wa bamvua hataiona bahari. Ataiona sakafu yake. Kwenye maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, mambo hugeuka, maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, na hayaendi mbali.

#22 Kasa Mkongwe

Mwana Unguja nimempata kuhusu ile "hifadhi pekee", tuiite ya Tanzania Bara.

Ndugu Msafiri, kama watoto wanataka maji ya kuonea samaki, endelea hadi Pangani, kisha upande boti kutoka Ushongo kwenda Maziwe. Ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1981, yenye matumbawe, nayo iko mbali na matope ya mito. Ila huwezi kulala huko, kwa sababu kisiwa chenyewe huzama maji yakijaa. Zamani kilikuwa na mivinje, na aina tatu za kasa zilitaga hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti tena.

#23 Jiwe la Chumvi

Na miti hiyo ilikatwa na nani, kama si binadamu yuleyule mnayemwondolea mashtaka Saadani? Mizizi ilipoondoka, mchanga uliondoka.

#24 Nahodha wa Kipumbwi

Wengine wanasema miti ilikatwa, wengine wanasema baruti ilivunja mwamba uliokuwa ukizuia mawimbi, wengine wanasema bahari imepanda. Kisiwa cha mchanga mtupu katikati ya maji huhama hata bila kuguswa. Fungu la Maziwe hubadilika umbo kila linapobadilika kusi na kaskazi, na nahodha anayelitafuta mahali alipoliacha mwaka jana atapanda mwamba.

#25 Gurudumu la Nne

Mkifika Pangani mtalikuta suala jingine. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, ya kilometa 256, imekuwa ikijengwa kwa lami, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Itakapokamilika yote, safari niliyoieleza hapo juu itakuwa ya asubuhi moja, na pengine lori la Mombasa litapita kando ya hifadhi. Sisi madereva tunaifurahia.

#26 Kasa Mkongwe

Mimi siifurahii wala siilaani. Gari likipita usiku katika eneo la wanyama kwa mwendo wa lami, tutaokota palahala barabarani. Tena lami ikifika, taa hufuata, na nimekwisha kueleza taa huwafanya nini vifaranga wa kasa.

#27 Mzaliwa wa Saadani

Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi wakati wa masika hakuwahi kuulizwa maoni yake juu ya vifaranga wa kasa. Wekeni matuta na vibao vya mwendo, fungeni taa ziangalie chini, lakini barabara tunaihitaji.

#28 Mtoro wa Mjini

Na muuza madafu atafika kwa barabara hiyohiyo. Naanza kuipenda hifadhi hii.

#29 Darubini

Minazi ipo tele nje ya mpaka, mkuu. Tatizo lako halikuwa madafu, lilikuwa uvivu wa kuendesha gari.

#30 Msafiri wa Mabibo

Nimemuuliza jirani. Alifika ufukweni kwenye saa tano asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, mwezi wa Juni, na akaondoka baada ya chakula cha mchana. Alivaa fulana ya buluu, na anasema mbung'o walimla. Mimi nimeangalia jedwali la kupwa na kujaa, nimesogeza safari yetu mbele siku tano ili tuyapate maji mafu, na tutalala hifadhini kisha Ushongo.

#31 Nahodha wa Kipumbwi

Basi kesi ya tope imekwisha. Alikwenda kwenye bamvua, saa ya kupwa, katikati ya kusi.

#32 Mlinda Bonde

Kesi ya tope, ndiyo. Kesi ya rangi, bado. Juni ni mwezi ambao maji ya masika ya Kilosa na Kaguru yangali yanashuka, na hayo hayaangalii jedwali la mwezi. Ndugu Msafiri, ukifika, chota maji kwenye chupa angavu mdomoni mwa mto na mengine Madete, uyaache yatuame usiku kucha, kisha utuwekee hapa picha za kilichobaki chini ya kila chupa.

#33 Jiwe la Chumvi

Na chupa ya tatu uichote mbele ya mashamba ya chumvi.